Kutosawazika kwa Joto katika Sakafu Zinazopashwa kwa Maji ya Moto: Chanzo, Utambuzi na Marekebisho

Utangulizi

Mfumo wa kupasha nyumba joto kwa kupitisha maji ya moto chini ya sakafu husifiwa, katika nchi zenye majira ya baridi kali, kwa jambo moja kuu: kwamba joto lake hutandaa sawasawa chumba kizima. Rediata iliyowekwa chini ya dirisha hupasha hewa, na hewa hiyo hupanda darini ikawaacha wakaaji na miguu ya baridi. Sakafu yenye joto, kwa upande wake, hunururisha joto kutoka chini, mahali walipo watu. Hata hivyo, malalamiko yanayojitokeza mara nyingi kuhusu mfumo huu ni kinyume cha sifa hiyo. Chumba kimoja huwa na joto la kuchosha ilhali cha jirani hakipati joto; nusu ya sebule huwa vuguvugu na nusu ya pili baridi; ukumbi mwembamba usiohitaji joto lolote huwa ndio wenye joto kupita yote.

Makala haya yanafafanua kwa nini hali hiyo hutokea, namna ya kuitambua na namna ya kuirekebisha. Umuhimu wa suala hili unatokana na gharama ya kukosea. Mabomba yamezikwa ndani ya zege au saruji na juu yake pamewekwa vigae au mbao. Mwenye nyumba anayeamini kwamba bomba limeziba huweza kuamua kuvunja sakafu, kumbe tatizo lilikuwa vali moja isiyofunguliwa ipasavyo. Mwingine huongeza halijoto ya maji yote ili kukinusuru chumba kimoja, na matokeo yake ni bili kubwa zaidi, mbao zilizopasuka na vyumba vingine visivyokalika bila kufungua madirisha wakati wa theluji.

Sakafu isiyo sawa kama desturi

Kabla ya kuliangalia tatizo hili kama kasoro ya ufundi, inafaa kukumbuka kwamba kuna jamii iliyoishi na sakafu isiyo sawa kwa karne nyingi na hata ikaipa maana. Nchini Korea, mfumo wa jadi uitwao ondol ulipitisha moshi wa moto kutoka jikoni kwenye njia zilizojengwa chini ya mawe ya sakafu, hadi kwenye dohani upande wa pili wa nyumba. Moshi ulipoa kadiri ulivyosafiri. Kwa hiyo, sehemu ya chumba iliyo karibu na jiko, iitwayo araemok, ilikuwa na joto zaidi, na sehemu ya mbali, iitwayo winmok, ilikuwa baridi. Wazee na wageni waliketishwa araemok. Bakuli la wali la mtu aliyechelewa kurudi nyumbani lilifunikwa kwa blanketi na kuwekwa papo hapo. Karatasi iliyopakwa mafuta juu ya sakafu ilibadilika rangi ikawa nyeusi upande huo, na hivyo ramani ya halijoto ikasomeka kwa macho.

Mafundi wa ondol hawakuliachia jambo hili lijiendee tu. Mawe ya karibu na jiko yaliwekwa mazito na kukandikwa udongo mwingi, na yale ya mbali yalikuwa membamba, ili upande wa moto ucheleweshe joto na upande wa baridi ulipokee upesi. Kanuni hiyo ndiyo inayotumika mpaka sasa kwa vifaa tofauti: palipo na joto pungufu, njia ya joto kuelekea juu hufanywa kuwa nyepesi zaidi.

Baada ya Vita vya Korea, matofali ya makaa ya mawe yalichukua nafasi ya kuni mijini, na gesi ya kaboni monoksidi iliyopenya kwenye nyufa za sakafu iliwaua watu wengi usingizini. Kubadilisha moshi kwa maji yaliyopashwa kwenye boila kuliondoa hatari hiyo ndani ya chumba. Leo, nyumba za ghorofa za Korea hupashwa kwa maji yanayopita katika mabomba ya plastiki yaliyofunikwa kwa saruji. Araemok haikutoweka kabisa, bali ilihama. Sasa inaweza kuwa mahali popote palipo karibu na mwanzo wa bomba.

Nchini Marekani, msanifu majengo Frank Lloyd Wright, aliyekutana na ondol alipokuwa Japani, alitumia joto la sakafuni katika nyumba aliyoijenga Madison, Jimbo la Wisconsin, mwaka 1937. Muongo mmodi baadaye, katika mji wa Levittown, New York, nyumba zaidi ya 17,000 zilijengwa kati ya mwaka 1947 na 1951, zikiwa na mabomba ya shaba ndani ya zege la sakafu. Baada ya muda, mengi ya mabomba hayo yalivuja, na wamiliki wengi wakaachana nayo. Historia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini hadi leo wazo la kwanza la mtu mwenye sakafu baridi ni kwamba bomba limeharibika, ingawa mabomba ya plastiki ya kisasa huharibika mara chache sana.

Namna mfumo unavyofanya kazi

Boila au pampu ya joto hupasha maji hadi takribani nyuzi 35 hadi 45 za Selsiasi. Maji hayo husukumwa na pampu hadi kwenye bomba la mgawanyo, ambalo kwa kawaida huwekwa ndani ya kabati ukutani, au chini ya sinki la jikoni kama ilivyo katika nyumba nyingi za Korea. Hapo hugawanyika katika vitanzi. Kila kitanzi ni bomba moja lisilo na kiungo, linalotoka kwenye mgawanyo, likazunguka chini ya sakafu ya chumba, kisha likarudi kwenye bomba la pili la kukusanya maji yaliyopoa.

Kiasi cha joto ambacho sakafu hukitoa hutegemea tofauti kati ya halijoto ya uso wake na ile ya chumba. Kwa kanuni inayotumiwa Ulaya, uso uliozidi halijoto ya chumba kwa nyuzi 9 hutoa takribani wati 100 kwa kila mita ya mraba. Kwa kuwa uso wa sehemu wanapokaa watu haupaswi kuzidi nyuzi 29, chumba chenye nyuzi 20 hakiwezi kupata zaidi ya hapo, isipokuwa kwenye ukanda wa kando ya madirisha ambapo nyuzi 35 huruhusiwa. Nyuzi hizi ni chache. Katika rediata yenye maji ya nyuzi 70, kosa la nyuzi 3 halionekani. Katika sakafu inayofanya kazi kwa tofauti ya nyuzi 5 au 6 tu, kosa hilohilo ni nusu ya joto lote. Hii ndiyo sababu mfumo unaosifiwa kwa usawa ndio unaodai usahihi mkubwa kuliko mingine.

Mgawanyo wa maji: chanzo kikuu

Maji hayana ufahamu wa chumba kipi kina baridi. Hupita pale penye msuguano mdogo. Vitanzi viwili vilivyounganishwa kwenye mgawanyo mmoja husukumwa kwa kanieneo ileile, na kile kifupi hupata maji mengi zaidi.

Chukua mfano wa nyumba yenye vitanzi viwili vya bomba la aina moja, yaliyopangwa kwa nafasi ya sentimita 15. Cha kwanza kina urefu wa mita 60 na kinahudumia chumba cha kulala chenye mita za mraba 9. Cha pili kina mita 120 na kinahudumia sebule yenye mita za mraba 18. Pampu inapeleka lita 3 kwa dakika kwa vyote viwili. Ikiwa vali zote zimeachwa wazi, kitanzi kirefu hakitapata maradufu ya maji kama eneo lake linavyohitaji. Kitapata takribani theluthi mbili tu za yale yanayokwenda kwenye kifupi: yaani lita 1.2 kwa dakika dhidi ya 1.8.

Endapo kila mita ya mraba ingetoa wati 60, maji ya chumba cha kulala yangepoa kwa nyuzi 4 na kidogo kabla ya kurudi. Yale ya sebule yangepoa kwa karibu nyuzi 13. Maji yakiingia yakiwa na nyuzi 40, wastani wake chini ya chumba cha kulala ni takribani nyuzi 38, na chini ya sebule ni chini ya nyuzi 34. Ukilinganisha na chumba chenye nyuzi 20, sebule inapata karibu robo pungufu ya joto kwa kila mita ya mraba. Kwa kweli, kadiri sebule inavyotoa joto kidogo ndivyo maji yake yanavyopoa kidogo, kwa hiyo pengo halisi ni dogo kuliko hesabu hii inavyoonesha. Lakini mwelekeo haubadiliki, na mkaaji anauhisi kwa nyayo zake.

Dawa yake ni kusawazisha, na kusawazisha maana yake ni kubana kilicho rahisi. Jambo hili huwachanganya wengi. Chumba cha baridi hakitibiwi kwa kukifungulia vali zaidi, kwani aghalabu vali yake tayari iko wazi kabisa. Hutibiwa kwa kupunguza maji ya chumba chenye joto, hadi maji yaliyobanwa huko yatafute njia nyingine. Katika mfano uliotolewa, chumba cha kulala chapaswa kubaki na lita 1 kwa dakika na sebule ipate lita 2. Kwa mgao huo vitanzi vyote viwili hupoteza nyuzi zinazokaribiana. Mabomba mengi ya mgawanyo ya kisasa yana vioo vidogo vyenye alama za lita kwa dakika juu ya kila kitanzi, na kazi hii huweza kufanywa bila kifaa kingine chochote. Inasikitisha kwamba ndiyo kazi inayoachwa mara nyingi zaidi siku ya kukabidhi nyumba, kwa sababu fundi wa mabomba huondoka kabla ya majira ya baridi kufika.

Umbo la kitanzi na kile kilicho juu yake

Kutosawazika kwaweza pia kutokea ndani ya chumba kimoja. Bomba likilazwa kwa mtindo wa nyoka, kwenda na kurudi kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, maji ya moto huanza upande mmoja na kumalizikia upande wa pili yakiwa yamepoa. Maji yakiingia kwa nyuzi 40 na kutoka kwa nyuzi 33, uso wa sakafu hutofautiana kwa takribani nyuzi 2 kati ya pande hizo. Fundi mwenye busara huanzia upande wa dirisha, ili upande wa moto ukutane na upande wa baridi. Mtindo wa konokono, ambamo bomba la kwenda na la kurudi hulazwa sambamba hadi katikati ya chumba, huondoa tofauti hiyo kwa kuwa kila mstari wa moto huwa na jirani aliyepoa.

Nafasi kati ya bomba na bomba nayo ina athari zake. Kwa nafasi ya sentimita 30, mistari ya joto na baridi huweza kuhisiwa mguu mtupu. Kwa sentimita 10 au 15 hutoweka. Tabaka nene la saruji huifuta mistari hiyo lakini huchelewesha joto.

Hali ya ukumbi wenye joto kupita kiasi ina maelezo mepesi. Kabati la mgawanyo aghalabu huwekwa ukumbini, na mabomba ya vyumba vyote hupita hapo yakiwa yamesongamana. Ukumbi hupashwa na mabomba ya wengine hata kama kitanzi chake kimefungwa. Hakuna vali itakayotibu hilo. Tiba ni kuyavisha mabomba hayo kihami joto kabla ya saruji kumiminwa, au kutoupa ukumbi kitanzi chake tangu mwanzo.

Kisha kuna kifuniko cha sakafu. Vigae hupitisha joto kwa urahisi mno. Zulia nene, kinyume chake, huweza kupunguza joto linalotoka kwa theluthi moja au zaidi hata kama maji ni yaleyale. Vyumba viwili vyenye mabomba yaliyofanana, kimoja na vigae na kingine na zulia, haviwezi kulingana kwa maji ya halijoto moja, ila kwa kukaza nafasi ya mabomba chini ya zulia. Mbao huongeza kikwazo cha pili: watengenezaji wengi huweka kikomo cha nyuzi 27 kwenye uso wake ili zisikauke na kuachana. Mwenye nyumba anayetandika zulia miaka mitano baada ya ujenzi huwa amebadilisha mfumo wa joto bila kujua, na lawama humwendea fundi.

Sehemu za nyumba zilizoongezwa baadaye ni kisa cha aina hiyo. Katika nyumba za ghorofa za Korea, veranda nyingi zimefungwa kwa vioo na kuunganishwa na sebule. Pasipozidishwa mabomba na kihami joto, ukanda huo hubaki baridi, na wanaoishi humo hudhani bomba la sebule zima limeziba.

Hewa, tope na nyaya

Baada ya mgawanyo wa maji, hewa ndiyo mshukiwa wa pili. Kiputo kilichonaswa mahali ambapo bomba limeinuka huweza kusimamisha kitanzi kizima, kwa kuwa mwendo wa maji katika mabomba haya ni wa polepole na hauna nguvu ya kukisukuma. Dalili yake ni kitanzi kilicho baridi kabisa, si vuguvugu, pengine chenye mlio wa gubugubu. Hutolewa kwa kufunga vitanzi vyote na kupitisha maji kwa kasi katika kimoja kimoja hadi yatoke bila mapovu. Kuvifungulia vyote kwa pamoja hakusaidii, maana maji hupita pale pasipo na hewa.

Tope ni la mifumo mikongwe. Mabomba ya plastiki ya awali yaliruhusu oksijeni kupenya ukutani mwake na kuingia kwenye maji. Oksijeni hiyo haikuidhuru plastiki bali sehemu za chuma, yaani boila, pampu na rediata, na kutu yake ikatuama kwenye vitanzi na vali. Nchini Ujerumani tatizo hilo lilisababisha kuwekwa kwa kanuni ya viwango inayodai mabomba yawe na tabaka la kuzuia oksijeni. Nyumba iliyojengwa kabla ya hapo huhitaji kusafishwa kwa maji na kutenganishwa na boila kwa kifaa cha kubadilishana joto. Pasipo hivyo tope litarudi.

Kosa la nyaya ni la kuchekesha kwa asiyelipa bili. Kila chumba huwa na themostati inayofungua na kufunga vali ya kitanzi chake kwa kutumia kichwa kidogo cha umeme. Nyaya za vyumba viwili zikibadilishana, chumba cha kulala kikiwa baridi huamuru sebule ipashwe, na sebule ikiwa moto huamuru chumba cha kulala kifungwe. Mmoja huungua na mwingine huganda, na kila anayegeuza themostati huzidisha taabu. Kosa hili hugunduliwa kwa dakika chache: pandisha themostati ya chumba kimoja, ngoja, kisha angalia ni kichwa kipi kimeinuka.

Utambuzi na subira

Hatua zinazofaa kutangulia ni zile zisizogusa sakafu. Halijoto ya bomba la kuingia na la kutoka ya kila kitanzi hupimwa kwenye mgawanyo, mfumo ukiwa umefanya kazi kwa siku nzima na themostati zote zikiwa zimepandishwa. Kitanzi ambacho maji yake yanarudi karibu na moto yalioingia nao kina maji mengi kuliko haja, au kimefunikwa na kitu kinachozuia joto kutoka. Kitanzi ambacho maji yake yanarudi baridi sana kina maji machache. Ambacho bomba zake zote mbili ni baridi hakipitishi maji kabisa, na hapo ndipo penye vali iliyofungwa, kichwa cha umeme kilichokufa au hewa. Kamera ya kuona joto huonesha njia ya bomba juu ya sakafu kama mchoro, na ndiyo njia ya uhakika ya kujua kama chini ya sehemu baridi kuna bomba au hakuna.

Kinachowashinda wengi ni muda. Tabaka la saruji lenye unene wa sentimita 6 na nusu lina uzito wa takribani kilo 130 kwa kila mita ya mraba. Kwa wati 60, kupandisha halijoto yake kwa uzi mmoja huchukua zaidi ya nusu saa, na nyuzi 8 huchukua karibu saa 5 hata kama hakuna joto linalopotea. Mwenye nyumba anayegeuza vali asubuhi na kuigeuza tena adhuhuri kwa sababu haoni mabadiliko hujikuta jioni akirekebisha kosa la asubuhi. Badiliko moja kwa siku, likiandikwa pamoja na vipimo vyake, hufika mapema kuliko mabadiliko kumi.

Kupandisha halijoto ya maji yote kwapaswa kuwa hatua ya mwisho. Kwa pampu ya joto, kila uzi mmoja wa ziada huongeza matumizi ya umeme kwa takribani asilimia 2 hadi 3, na hauondoi tofauti iliyopo kati ya vyumba bali huikuza.

Hubaki visa vichache ambavyo kusawazisha hakuvimalizi. Kitanzi cha mita 150 kilicholazwa kwa bomba jembamba, ilhali desturi ni mita 100 hadi 120 kwa ukomo, kitahitaji vingine vyote vibanwe hadi vinyong'onyee. Hapo uvunjaji wa sakafu una hoja, na si lazima uwe wa chumba kizima: kamera huonesha mahali ambapo bomba linapita karibu na mgawanyo katikati ya safari yake, sehemu hiyo hufukuliwa, na kitanzi kimoja hukatwa kikawa viwili.